Red Cloud na Crazy Horse: kalamu au bunduki?

Wote wawili walikuwa viongozi wa Walakota, wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, wa tawi la Oglala. Red Cloud alipigana hadi Marekani ikaziacha ngome zake za njia ya Bozeman, iliyokata ardhi yao, akatia saini na Marekani mkataba wa amani wa Fort Laramie mwaka 1868, wala hakurudi tena vitani. Akafa mzee mwaka 1909. Namwonea imani: kuishi zaidi ya miaka 30 na mkataba uliovunjwa si mchezo.

Crazy Horse hakuwahi kutia saini mkataba. Alipigana na jeshi la Marekani huko Little Bighorn Juni 1876, akasalimu amri Mei 1877, na Septemba 5 akachomwa singe huko Fort Robinson huku ameshikwa mikono. Red Cloud alipigwa picha nyingi. Crazy Horse hana hata moja iliyothibitishwa. Ajabu, ndiye anayechongwa mlimani tangu 1948, na kazi haijaisha.