Mpigapicha Yuko Wapi? Maonyesho ya Picha za Sanaa ya Utendaji Mji wa Kale

Maonyesho yanayoendelea katika ukumbi mdogo wa ghorofani, karibu na Ndia Kuu, yanahusu sanaa ambayo kwa asili yake haiachi kitu cha kutundika ukutani: msanii huutumia mwili wake mbele ya watu kwa dakika chache, kwa saa kadhaa au hata kwa mwaka mzima, kisha kazi ikaisha. Kinachobaki ni picha, na mtazamaji wa Mombasa hana budi kuliamini jicho la aliyeshika kamera Ufaransa, Italia au Marekani zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Waandaaji wamelionyesha jambo hilo vizuri sana kwenye ukuta mmoja, wakalisahau karibu kila mahali pengine.

Ukuta huo ni wa msanii Mfaransa Yves Klein, anayeonekana akijirusha kutoka juu ya ukuta wa nyumba katika mtaa wa Fontenay-aux-Roses, karibu na Paris, Oktoba 1960, kifua mbele na mikono wazi. Maelezo yanawataja wapigapicha, Harry Shunk na János Kender, na kueleza wazi kwamba picha hiyo ni mbili zilizounganishwa: katika moja, rafiki zake Klein wamesimama chini wakiwa wameshika turubali la kumdakia; katika nyingine, barabara haina mtu isipokuwa mwendesha baiskeli. Turubali likaondolewa, na tarehe 27 Novemba 1960 Klein akaichapisha picha hiyo katika gazeti la siku moja alilolitengeneza mwenyewe. Wanaozikumbuka studio za kivukoni Likoni, ambako mteja alisimamishwa mbele ya pazia lililochorwa meli au ndege, hawatakuwa na haja ya kuuliza kama huo ni udanganyifu; wao walijua kwamba picha humfikisha mtu asikowahi kufika, na kwamba anayemfikisha ni mpigapicha.

Ndiyo maana sehemu ya Marina Abramović inasikitisha. Mwaka 1974, mjini Naples, alisimama kwa saa 6 kando ya meza yenye vitu 72, miongoni mwake waridi, mkasi na bastola, akawaruhusu waliohudhuria wamtendee watakavyo. Watu walianza kwa upole, na ukatili ukaja baadaye. Kwa hiyo mfuatano wa picha ndio kisa chenyewe. Hapa zimetundikwa bila mpangilio wa wakati na bila jina la mpigapicha. Kuziweka nyuma ya kizigeu, na tangazo mlangoni kwamba zipo picha za miili isiyositirika, ni uamuzi wa heshima katika mtaa huu, lakini kizigeu hakikumzuia mtu kuzipanga.

Chris Burden, ambaye rafiki yake alimpiga risasi ya mkono kwa makubaliano huko California mwaka 1971, amepewa picha moja iliyofifia. Inatosha.

Nilikaa zaidi mbele ya kazi ya Tehching Hsieh. Kuanzia Aprili 1980 hadi Aprili 1981, akiwa New York, alijifunga kugonga kadi kwenye mashine ya kurekodi muda wa wafanyakazi kazini kila saa, usiku na mchana, na kila alipogonga, kamera ilimpiga picha moja. Alinyoa kichwa siku ya kwanza, hivyo nywele zinazorefuka ndizo kalenda ya mtazamaji. Kati ya saa 8,760 zilikosekana 133 tu. Mzee mmoja, mstaafu wa bandari, alimuuliza kijana wa zamu, “Mwanangu, na mshahara alilipwa na nani?” Kijana akajibu, “Hakuna, mzee wangu,” na mzee akarudi kuitazama safu ya kwanza upya. Katika kazi hii kamera haishuhudii tendo kutoka pembeni. Kupigwa picha ni nusu ya tendo lenyewe, na ingestahili kupangwa mkabala na Klein badala ya kusukumwa kwenye korido.

Maelezo yote ni ya Kiingereza, upungufu usio na udhuru Mombasa, ingawa kijana wa zamu hueleza kwa Kiswahili kizuri kila anayemuuliza. Nakala zimechapishwa vyema, ila vioo vinang'aa mno. Anayetaka kuiona kazi ya Hsieh sawasawa aende asubuhi, kwa kuwa alasiri jua huingia moja kwa moja katika korido hiyo na safu za juu hazisomeki.