Wiki Moja Kisumu: Ratiba Inayofuata Upepo wa Ziwa na Siku za Soko

Wageni wengi huondoka Kisumu, mji wa Kenya kando ya Ziwa Victoria, wakisema siku mbili zinatosha kuumaliza mji. Ukiwauliza walikwenda wapi na lini, utasikia: ufuo wa wavuvi wa Dunga saa tisa alasiri, upepo umeshapanda na wavuvi wamelala, soko la Kibuye siku ya Jumanne, majabali ya Kit Mikayi bila kupita makumbusho kwanza, kwa hiyo wakaona mawe tu. Wiki nzima ya Kisumu inastahili nauli na likizo, mradi siku zipangwe kwa kufuata ziwa na masoko. Mpango huu unaanza Jumatano alasiri na kuisha Jumatano inayofuata, ili Jumamosi na Jumapili ziangukie katikati, baada ya mwili kuzoea joto na kabla ya safari ndefu ya visiwani.

Mahali pa kulala, chagua Milimani. Mtaa una miti mikubwa na utulivu, na Dunga ni mwendo mfupi wa boda. Katikati ya mji, karibu na Oginga Odinga Street, unakuwa jirani na matatu lakini usiku una kelele. Kondele ni rahisi mfukoni na chakula cha barabarani hupatikana hadi usiku wa manane. Ila ndiyo sehemu ambayo maandamano huanzia siasa zikichemka, basi sikiliza habari kabla ya kulipia chumba. Riat, kule mlimani, kuna hewa na mandhari ya ziwa lote, lakini kila ukitaka kushuka mjini ni nauli nyingine. Kabla ya kulipa, kagua mambo matatu: neti isiyo na tundu, feni inayozunguka kweli, na wavu dirishani. Malaria ya ukanda wa ziwa haina msimu wa kupumzika. Mtu wa Nairobi au wa nyanda za juu hana kinga ya aliyekulia Nyalenda, hata kama kadi yake ya kupigia kura inasema Kisumu. Muone daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga, na homa yoyote katika wiki zinazofuata baada ya kurudi ikapimwe siku hiyo hiyo.

Ndani ya mji usafiri ni tuktuk na boda. Tuktuk ya kuchangia hupita njia zake kama matatu, na bei yake ni ndogo. Ya kukodi peke yako hupatana kabla ya kuketi. Ukitaja "Russia" dereva atakupeleka hospitali kuu ya rufaa, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti. Jina hilo la mtaani limelishinda lile rasmi ya Jaramogi Oginga Odinga, na ndilo linaloandikwa kwenye akili ya kila konda.

Alhamisi ni ya Dunga, na saa ya kufika ni kumi na mbili na nusu asubuhi. Ziwa huwa shwari alfajiri. Kuanzia adhuhuri nchi kavu inapopata moto, upepo huvuma kutoka majini, mawimbi huinuka, na jioni mawingu kutoka upande wa Nandi na Kericho huweza kuleta mvua ya radi. Ndiyo maana mashua za samaki hurudi mapema, na ndiyo sababu ya kumwogopa mtu anayekuuzia safari ya mashua saa kumi. Patana bei kwa mashua nzima, si kwa kichwa, na utaje muda. Hakikisha kila abiria ana jaketi okozi inayofungika, na usikubali ile iliyokatika mikanda. Ukiona ghuba imefunikwa na magugumaji usimlaumu nahodha: tangu mmea huo uingie ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1990, upepo huuhamisha kama zulia, na pwani iliyofungwa leo inaweza kuwa wazi kesho. Acha nafasi katika ratiba ya kurudi asubuhi nyingine.

Baada ya mashua, tembea kwenye daraja la mbao linaloingia katika mafunjo. Kaa kimya dakika kumi. Utasikia kabla ya kumwona ndege mweusi mwenye tumbo jekundu na utosi wa manjano. Anaishi kwenye mafunjo tu, na kila eka inayofyekwa ni nyumba yake inayobomolewa. Usitie miguu majini pembeni, kwani konokono wa kichocho hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye nyasi. Viboko nao hupanda nchi kavu kula majani giza likiingia. Hippo Point ni ya machweo: jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro kidogo, mwaka mzima, kwa kuwa mji uko karibu kabisa na ikweta.

Sasa samaki, na hapa usiwe na haraka. Kosa la kwanza la mgeni ni kuagiza kwa jina la mapishi, "wa kukaanga" au "wa mchuzi", bila kumwona samaki mwenyewe. Mwombe mama akuonyeshe akiwa mbichi. Ngege (tilapia) wa leo ana jicho angavu lililotuna, shavu la kupumulia (matamvua) jekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Samaki wa barafu aliyesafiri mbali huwa na shavu la kahawia au ameshatolewa shavu, wote wanalingana ukubwa kama matofali, na akikaangwa nyama humeguka. Usione haya kuuliza kama ni wa ziwani, wa vizimba au wa kutoka nje. Vizimba vya ziwani hutoa ngege mzuri, na mama mwaminifu atakwambia. Kosa la pili ni njaa: samaki anayeparwa magamba, kuchanjwa ubavuni ili mafuta yaingie, na kukaangwa hadi ngozi ikakamae, anataka nusu saa au zaidi. Anayeletwa baada ya dakika tano alikaangwa asubuhi na amerudishwa tu kwenye mafuta, na ndani utamkuta mkavu. Kwa mchuzi, nyanya na kitunguu hupikwa kwanza, kisha samaki aliyekaangwa hutokoswa humo kidogo tu, akiloa bila kuvunjika.

Ugali omba wa mtama na muhogo, ule mweusi. Huishika mboga vizuri kuliko wa mahindi. Mboga ni osuga, dek au apoth, yaani mnavu, saga na mrenda, na uchungu wa dek hupozwa na maziwa. Omena, yaani dagaa, ina kalenda yake. Huvuliwa usiku kwa taa, samaki wakifuata mwanga, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali taa hazina nguvu, omena mbichi huadimika na bei hupanda. Ikiwa unaweza kuchagua wiki, chagua ya mwezi mwandamo. Aliya, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa juani kisha kutokoswa polepole, haiagizwi kwa ghafla: piga simu au pita asubuhi ukaweke oda ya jioni. Na kama unataka kujua mji huu unakula nini mwisho wa mwezi, nenda Obunga ukale mgongo wazi. Ni kichwa na mifupa ya mbuta (sangara) iliyobaki baada ya viwanda kuchukua minofu ya kuuza nje, na kina mama wa Obunga huikaanga ikawa chakula cha mitaa mizima. Nyama ya shavuni ni tamu kuliko minofu iliyosafirishwa. Hilo nalisema bila kusita.

Alasiri ya Alhamisi nenda Makumbusho ya Kisumu, kando ya barabara ya Nairobi. Yalifunguliwa 1980. Nyoka, na samaki wa kwenye matangi ya vioo, watoto watawapenda, lakini sababu ya kwenda ni Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Mwombe kiongozi akueleze mpangilio: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ikitazama lango, ya nyachira, wa pili, na ya reru, wa tatu, pembeni, na simba, yaani vibanda vya vijana wa kiume, karibu na lango. Ukishaelewa kwa nini nyumba ya mikayi inakaa pale, kesho yake utaelewa jiwe. Impala Sanctuary, karibu na ziwa, ni kilomita mraba 0.34 tu. Kwa mwenye watoto na saa mbili za kupoteza inafaa. Aliyekwisha kuingia mbuga ya Nakuru anaweza kuiruka. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, ni kupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, langoni hawashiki noti, kwa hiyo fungua akaunti mapema ukiwa na mtandao mzuri.

Ijumaa chukua matatu ya Bondo. Gari huacha barabara ya Busia pale Kisian, hupita Holo, na Kit Mikayi iko kilomita 29 hivi kutoka mjini. Shuka kwenye njia panda utembee kidogo. Jina lina maana ya jiwe la mke wa kwanza. Wazee husimulia kuwa Ngeso alilipenda jiwe hilo hata akawa anashinda humo pangoni, na mkewe akiulizwa mumewe yuko wapi hujibu: amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Ni mahali pa ibada pia. Utawakuta waumini wa kanisa la Legio Maria wakiomba, nao hawapigwi picha bila ruhusa. Vaa viatu vinavyoshika, kwani mawe huteleza baada ya mvua.

Kisha usirudi Kisumu. Rudi Kisian tu, panda gari la Busia hadi Maseno, ambako ikweta inakata barabara (dakika kumi zinatosha, ni kibao), endelea Luanda, kutoka Luanda upate gari la Majengo, na Majengo uingie barabara kuu ya Kakamega hadi Khayega. Njia hii inaokoa mzunguko mzima wa kurudi mjini. Lala upande wa Shinyalu au Isecheno, kwa sababu Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya mashindano ya fahali ya Waisukha na Waidakho, jamii za Waluhya. Uwanja hubadilika, na kuna Jumamosi zisizo na pambano, basi uliza Khayega jioni hiyo. Huanza mapema sana. Ngoma za isukuti, zilizoingia orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014, huwasindikiza fahali hadi uwanjani. Pambano huisha mmoja akikimbia, na hatari yote iko hapo: anayekimbia hachagui njia. Simama penye mti mnene au ukingo nyuma yako, na usiwe katikati ya umati.

Likimalizika, ingia msitu wa Kakamega upande wa Isecheno, unaosimamiwa na shirika la misitu. Upande wa Buyangu, kaskazini, ni wa KWS na malipo yake ni mengine. Chukua kiongozi wa pale pale. Bila yeye utaona majani; pamoja naye utaona mbega, kima, na turako mkubwa wa buluu akiruka kama kuku mzito. Beba koti la mvua, toka msituni kabla ya saa tisa, kisha kula kuku wa kienyeji, ingokho, kabla ya kushuka Kisumu, kilomita 50 hivi.

Jumapili ni Kibuye. Siku nyingine soko lipo, ila Jumapili ndiyo wauzaji hufika kutoka kila upande. Fika saa mbili. Kuanzia saa tano ni kusukumana, na simu ya mfuko wa nyuma ni zawadi kwa mwizi. Belo za mitumba zikifunguliwa, nguo za "kamera" huchaguliwa kwanza kwa bei ya juu, na mchana zilizobaki hushuka. Hapa pia ndipo pa kununua chungu cha maji, dapi. Kigonge kwa kidole: kinacholia kama kengele kimeiva, chenye sauti ya kufa kina ufa. Salamu ya Kijaluo ya asubuhi, "oyawore", kabla ya kuuliza bei hubadilisha mazungumzo, na "erokamano", yaani asante, ukiondoka.

Jumatatu na Jumanne ni za kisiwa cha Rusinga, na kosa ni kuifanya kwa siku moja. Nenda kwa barabara ya Ahero, Katito na Kendu Bay. Simama Simbi Nyaima, ziwa dogo la kreta ambalo masimulizi yasema ni kijiji kilichozama kwa kumnyima mgeni mzee chakula. Pita Homa Bay hadi Mbita, uvuke kwa daraja. Kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa Julai 5, 1969, limejengwa kwa umbo la risasi, na humo ndani mna picha na vitu vyake. Tenga saa nzima. Kisiwa hicho ndicho alikopata Mary Leakey fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948. Kurudi, panda feri ya Mbita hadi Luanda Kotieno, kisha gari kupitia Ndori. Uliza saa za feri jioni ya kuamkia safari, maana ukiikosa moja unasubiri saa kadhaa. Thimlich Ohinga, ngome za mawe zilizoingia urithi wa dunia mwaka 2018, ni mbali mno kuunganishwa hapa. Iachie safari ya Migori.

Jumatano asubuhi, kabla ya basi, pita soko la Jubilee ununue omena ya kubeba. Hupimwa kwa kopo la gorogoro. Nzuri ni ya rangi ya fedha na huvunjika ukiikunja. Ya kahawia ililoweshwa na mvua ikiwa inaanikwa, na itakuwa chungu. Chukua konzi, itikise kwenye kiganja: ikibaki michanga, nenda meza ya pili. Ifunge kwa karatasi kisha gunia, isiwe plastiki, ili isitoe jasho njiani. Samaki mbichi mabasi mengi hukataa. Mwombe mama amkaange mkavu bila chumvi nyingi, apoe kabisa kabla ya kufungwa, naye atafika Nairobi akiwa mzima.