Mafuta ya matairi: pipa la kwanza asali, la pili shubiri

Mwanzoni nilikuwa nawasifia hawa jamaa wanaouza mafuta ya matairi kwa kila mtu. Sisi tunasubu sufuria, karakana ndogo tu hapa Dar. Pistoni mbovu, magamba ya giaboksi, sufuria zilizotoboka, vyote vinaingia kwenye chungu. Miaka yote tanuru lilikuwa linakula oili chafu. Yakaja mafuta ya matairi, bei chini ya dizeli. Alumini inataka nyuzi 660, na moto wake ulifika huko chai yangu haijapoa.

Pipa la pili sasa. Chungu kimejaa, nusu imeyeyuka, nusu bado donge, bana (kichomeo cha mafuta) ikaanza kukohoa. Puu, puu, kimya. Kufungua nozo, mdomo wa bana: tope jeusi kama lami, na unga wa masizi mpaka kwenye chujio. Tunahangaika kuzibua, alumini nayo inaganda. Tulipowasha tena, donge likatanuka kwa joto, chungu kikapasuka. Anayejua bei ya chungu atanielewa.

Nikampigia muuzaji. Kijana, mwanangu wa mwisho anaweza kuwa mkubwa wake. "Mzee, hayo ni ya matairi, kwani ulitaka ya kukaangia maandazi?" Akakata. Hata shikamoo hakutoa!

Tairi linapikwa bila hewa, mvuke unapozwa, ndiyo hayo mafuta. Masizi na lami huja humohumo, kwa hiyo mwenye kiwanda makini huyatuliza na kuyachuja. Hawa waliniuzia kitako cha tangi. Mwenye boila au tanuru la chokaa, lenye bana ya mdomo mpana, labda asingeona tofauti. Lakini hawa wauzaji kuwaambia watu eti weka hata kwenye jenereta? Bila kukenekwa upya, yaani kugeuzwa mvuke na kupozwa tena, yatakuulia pampu. Na ile harufu ya salfa! Mama watoto kaamuru nguo za kazi zilale nje, sikubisha. Mama ntilie jirani kahamisha benchi.

Msinunue. Nasema msinunue.

Ila pipa la tatu nilikuwa nimeshalilipia. Nikaliacha siku 4 bila kuligusa, nikachota ya juu tu, nikachuja kwa kitambaa mara 2. Yanawaka, jamani. Yanawaka kuliko oili chafu, na leo nozo haijaziba hata mara moja. Basi mafuta sina ugomvi nayo. Mwenye kumjua muuzaji mwingine, anayejua kusalimia, aniambie.