Mzuka au Zimwi?

Riwaya za Cemetery Boys ya Aiden Thomas (2020) na Hell Followed With Us ya Andrew Joseph White (2022) zina shujaa wa aina moja: kijana aliyehesabiwa msichana alipozaliwa, ilhali yeye anajijua ni mvulana. Baada ya hapo kila moja inashika njia yake. Katika ya kwanza, Yadriel wa Los Angeles anataka familia imtambue kuwa brujo, mganga wa kiume. Anaita mzuka wa binamu yake, lakini unakuja mwingine: Julian, mtundu asiyetaka kuondoka. Mapenzi yanachipuka, Siku ya Wafu, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, inakaribia, unacheka. Katika ya pili, Benji ametoroka dhehebu lililomwambukiza kirusi kinachomgeuza zimwi. Hiyo usisome huku unakula! Anza na Yadriel, ingawa Benji ndiye aliyeninyima usingizi.