Meza yangu ya mbao za jahazi, miezi nane baadae

Nimekaa na hii meza miezi nane ndo naandika, maana kitu kikiwa kipya kila mtu anakisifia. Ni meza fupi ya sebuleni, kanitengenezea fundi mmoja wa Nungwi kule Unguja, yeye hakati mti, ananunua mashua na majahazi yaliyochoka yamelala tu pwani anayafumua ubao kwa ubao. Nililipa laki nne na themanini, kusafirisha hadi Dar juu yangu.

Nianze na sifa, yani sifa yenyewe, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo 😂 Mbao imekunywa hayo miaka na miaka, wiki ya kwanza sebule inanuka kama soko la samaki la Feri, paka wa jirani anashinda mlangoni, mama mkwe kaja anauliza leo tunakula papa? Nikampigia fundi kwa hasira, akacheka, "Dada, iweke barazani upepo uipige, hayo ndo yaliyoiweka hai hiyo mbao." Mwezi hivi ikaisha.

Ila aisee ni nzuri. Matundu ya misumari hakuziba, yana weusi wa kutu pembeni, alama za tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao, bado unazisikia ukipitisha mkono, na kwenye mshono mmoja kabakiza pamba ya kalafati, ile wanayozibia nyufa maji yasiingie. Miguu ni mataruma, zile mbavu za chombo, wanatafuta mti uliopinda wenyewe toka porini kwahiyo hakuna mguu unaofanana na mwenzie. Wageni hawaweki kikombe bila kuuliza kwanza hii nini. Ile ya chipubodi niliyokuwa nayo bomba lilipasuka siku moja tu ikavimba kama andazi, hii mtoto anaimwagia uji kila asubuhi nafuta yanaisha.

Kasoro: kaniambia wiki tatu, imekuja wiki ya saba. Eti alikuwa anasubiri chombo cha kufumua, sawa mbao hizi huendi kuagiza dukani, lakini si ungesema mapema? Halafu mguu mmoja ulikuwa unacheza, nikaegeshea kadibodi mpaka alipokuja Dar kwa shughuli zake akapita na randa, dakika kumi, bure.

Nimeshamuagiza na benchi, safari hii nimemwambia aianike huko huko Nungwi kwanza.