Guardian Cap: kofia ya sponji kwa lainibaka anayegonga kwa nguvu

Luke Kuechly, lainibaka (mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele) wa Carolina Panthers na mlinzi bora wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, mwaka 2013, alistaafu Januari 2020 akiwa na miaka 28 tu. Mitikisiko ya ubongo ilishamweka nje ya mechi kadhaa. Wachezaji wa aina yake ndio hasa wanaohitaji kofia hii.

Huvishwa juu ya helmeti. NFL inakadiria kwamba hupunguza nguvu ya mgongano kwa angalau asilimia 10 akivaa mmoja wa wanaogongana, na 20 wakivaa wote wawili. Malainibaka walianza kulazimishwa kuivaa mazoezini mwaka 2022. Tangu 2024 inaruhusiwa hata kwenye mechi.

Pitisha mikanda ya mbele kwenye vyuma vya uso, kaza, kisha jaribu kuizungusha kwa mikono. Ikicheza, kaza tena, maana iliyolegea huhama mahali pake katikati ya kugongana. Ioshe kwa maji na sabuni isiyo kali.

Sura yake? Mbaya, kama uyoga. Na haiokoi helmeti isiyokaa vizuri kichwani, wala mchezaji anayekaba huku ameinamisha kichwa: hapo shingo ndiyo inayobeba pigo.