Mungu mmoja, majina mengi: Masingasinga na Waislamu

Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga, hakianzi kwa neno bali kwa tarakimu: 1. Ndiyo Ik Onkar, Mungu Mmoja. Mwislamu ataikumbuka Kul huwallahu ahad ya Kurani, yaani "Sema: Yeye Mungu ni Mmoja", papo hapo. Maneno yanayofuata yanasema Mungu hafi wala hazaliwi, na Mwislamu naye anayo lam yalid walam yulad, hakuzaa wala hakuzaliwa. Mpaka hapo wanasikilizana kabisa.

Kwenye majina njia zinaachana. Mwislamu ana Asmaul Husna, majina mazuri ya Mungu, 99 kwa hadithi mashuhuri, na wanazuoni wengi hushikilia kuwa Mungu haitwi ila kwa jina lililothibiti katika Kurani au Sunna. Masingasinga hawana mipaka ya namna hiyo. Jina lao la kila siku ni Waheguru, lakini kitabu chao kinamwita pia Ram, Hari, Khuda, Rahim, hata Allah. Tena humo zimo beti za Sheikh Farid, sufi Mwislamu!

Ila tofauti nzito, kwa maoni yangu, si ya majina. Kwa Mwislamu, Muumba si sehemu ya viumbe, ingawa yu karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo. Singasinga husema nuru Yake imo ndani ya kila kiumbe, na kwa kulikumbuka Jina nafsi huungana Naye. Kuungana huko ndiko wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakokataa.

Utajaji wenyewe unafanana: huyu Subhanallah mara 33 baada ya sala, yule Waheguru, Waheguru, tangu alfajiri.